Kwa Dada Elinaza, Uliyeingia Ndiva kwa Zamu Yangu

Mwaka mzima umepita, Dada Elinaza, tangu asubuhi ile moyo wako uliposimama ghafla ukiwa maabara, koti jeupe mwilini na miwani usoni. Nimewauliza madaktari mara tatu kama ni kwa sababu ya figo uliyonipa. Mara zote tatu wamejibu hapana. Bado nina hamu ya kuuliza mara ya nne.

Ninayeandika ni mimi Elibariki, mdogo wako, kwa niaba ya nyumba yetu yote hapa Myamba. Baba alitaka tangazo fupi la gazetini lenye picha. Nimemwomba aniachie nafasi zaidi, maana kuna jambo nimelificha mwaka mzima.

Ukungu ukishuka kutoka msituni asubuhi, mashamba ya tangawizi hupotea yote. Kisha mgomba mmoja hujitokeza, kisha paa la jirani, na hapo katikati huwa nakuona. Unakuja taratibu na buti zako za mpira, unanipa mkono wa baridi, unaniuliza nimelalaje. Wala siogopi. Nakujibu kwamba nimelala vizuri, halafu jua linatoka, najikuta nimesimama peke yangu uani.

Kazi yako wengi hatukuielewa, na wewe hukuchoka kuieleza. Ulisema mwili una walinzi wasiolala. Wakikuta figo ya mtu mwingine hawaulizi imeletwa na nani, wanaishambulia tu. Dawa zangu za asubuhi na jioni ni za kuwatuliza. Wewe ulitafuta namna ya kujua, kwa damu kidogo tu, kwamba wameanza kuamka, kabla figo haijaumia. Miaka kumi ulilitafuta hilo. Mama alikuambia wenzako wa rika lako wanalea wajukuu. Ulicheka, ukamjibu kwamba panya wa maabara wanakutosha.

Halafu kuna habari ya ndiva. Wa milimani wanajua: bwawa letu la kumwagilia likijaa tope, pembe hupigwa na kila nyumba hutoa mtu wa kuchimba. Huo ndio msaragambo, na nyumba isiyotoa mtu hutazamwa vibaya msimu mzima. Baba miguu imechoka, kwa hiyo mtu wa nyumba yetu ni mimi. Baada ya upasuaji ulinikataza kabisa maji machafu, kwa kuwa dawa zimeilegeza kinga yangu. Basi kwa miaka sita ulikuwa unapanda kutoka Dar es Salaam, unakunja suruali, unaingia topeni badala yangu.

"We Elinaza, daktari gani huyu?" Mama alilalamika.

"Daktari wa tope, Mama. Nipe koleo."

Tuseme ukweli, ulikuwa mchimbaji mbaya. Nusu ya tope ulilirudisha ndani. Lakini hukukosa hata mara moja.

Sasa jambo lenyewe. Wakati wa matanga nyumba ilijaa watu. Kila aliyenishika mkono alikuwa anakulilia wewe, na mimi, mgonjwa wa miaka yote, nimesimama mzima mbele yake. Niliona haya kuonekana nikimeza vidonge. Siku ya kwanza nikasema nitameza baadaye. Siku ya pili nikajiuliza nameza ili iweje. Zikafika siku tisa.

Siku ya kumi pembe ya msaragambo ikalia. Hukuwepo wa kuingia. Nikachukua koleo nikashuka ndivani mwenyewe.

Sindato, mwenzako wa maabara, yule aliyezaliwa kwa wafugaji wa tambarare, alikuwa amepanda siku hiyo kuchukua damu yangu kwa ajili ya utafiti. Tarehe uliipanga wewe, na yeye hakuibadilisha. Alinikuta matope yamefika magotini.

"Kaka, toka humo."

"Ni zamu ya nyumba yetu."

"Toka, nimesema. Dada hajamaliza hata wiki mbili kaburini."

Akavua viatu, akaninyang'anya koleo, akaingia yeye. Majirani walitazama. Alipomaliza zamu yetu akanawa, akanitoa damu pale nyumbani, akashuka nayo Same ndani ya kisanduku cha barafu, akaendelea na safari ya Dar es Salaam. Siku tatu baadaye akapiga simu.

"Kaka Elibariki, usinifiche. Umeacha dawa siku ngapi?"

Vipimo vya kawaida vya hospitali vilikuwa bado havionyeshi kitu. Chako kilionyesha, dada yangu, hicho hicho ulichokuwa ukisema bado hakijawa tayari. Madaktari wakachukua kipande kidogo cha figo yenyewe, wakathibitisha. Mwili wangu ulikuwa umeanza kukukataa. Sijawahi kuumia kwa maneno kama nilivyoumia kwa hayo. Nikalazwa, nikawekewa dripu siku nne, figo ikatulia. Nyumbani niliaga kwamba nakwenda kliniki tu.

Juzi nilimsomea Mama maneno haya kabla ya kuyapeleka gazetini, nikijua atanifokea. Alitazama nje, ambako ukungu ulikuwa unapita. Kisha akasogea, akaweka kiganja chini ya tumbo langu, upande wa kulia, pale ulipo, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeongea na mtu wa chumba cha pili:

"Elinaza mwanangu, msamehe mdogo wako. Bado hajakua."

Akaenda kuniletea maji ya kumezea dawa.

Unakumbukwa na baba yako Mzee Tumainieli, na mama yako, nami mdogo wako pamoja na mke wangu Koleta, na watoto wetu Kurwa na Doto, ambao bado wanauliza Shangazi atakuja lini. Unakumbukwa na Sindato na wenzako wote wa maabara, na majirani wa ndiva, ambao sasa wanapokezana kuchimba zamu yetu bila kuombwa. Siku zote za maisha yetu hatutakusahau. Na mimi, dada, nakuahidi mbele yao wote: sitakuzika mara ya pili.