Panga Lako Halikuwa na Makali, Kasiani

Mwaka umetimia leo, Kasiani, tangu utoke hapa Kidodi asubuhi na usirudi. Na leo hii ndipo bibi yako Gaudiosa ameelezwa jinsi ulivyokufa, na mgeni aitwaye Yeremia.

Ulikuwa mkata miwa hodari. Jumapili, ukitoka kanisani, ulikaa barazani ukiwanolea majirani mapanga yao, hata wale waliokutania kwamba unaoga mara tatu kwa siku kama bwana harusi. Chai hukuionja kabla bibi hajapata kikombe chake.

Ulipomzika mkeo Upendo na kichanga chenu, ulinyamaza. Tukasema ni msiba, utapoa. Hatukukuuliza.

Asubuhi ile bibi alisikia jiwe na panga nyuma ya nyumba. Akakwambia kutoka jikoni, noa vizuri, miwa ya mwaka huu migumu. Ukaitikia, "Haya, bibi." Jiwe lilikuwa linagonga, halikwaruzi. Alisikia, akaendelea kupuliza moto.

Jioni watu walisema umewavamia askari barabarani, kwamba ulikuwa jambazi. Mwaka mzima bibi amepita sokoni akiitwa bibi wa jambazi.

Yeremia ndiye askari aliyekupiga risasi. Amekuja bila sare, ametoa shikamoo, akakaa chini na kiti kipo. Anasema ulisimama mbele ya gari lao, ukainua panga, ukamwambia, "Afande, nisaidie, mwenyewe nimeshindwa." Walikusihi uliweke chini. Ukamkimbilia. Baadaye aliliokota, akapitisha kidole. Makali yote yalikuwa yamepondwa kwa jiwe. Lisingekata hata mchicha.

"Hakutaka kuniumiza, bibi," akasema. "Tangu siku ile sijui usingizi."

"Mimi nilidhani ananoa," bibi akamjibu.

Hakusema amemsamehe, wala hakumfukuza. Alimtandikia mkeka wako barazani.

Hukuwa jambazi, kijana wetu. Ulikuwa umechoka, nasi tulikuwa hapo hapo. Mwenye kijana aliyenyamaza nyumbani kwake, aache moto, aende akamuulize.

Unakumbukwa na bibi yako Gaudiosa, baba yako mdogo Oswald, dada zako Monica na Loveth, na majirani wa Kidodi ambao mapanga yao sasa ni butu. Hutatutoka moyoni hadi nasi tukufuate.

Yeremia alikataa mkeka mara mbili, kisha akajilaza kwa ubavu, viatu miguuni. Jua limepanda. Anakoroma.