Gololi Zilizopotea Kwenye Mafuta ya Pamba

Jumatatu, 3 Februari

Zimepotea! Gololi mia tatu za kioo zimo ndani ya boksi na sioni hata moja. Tangu saa mbili asubuhi nachanganya mafuta ya pamba na ya alizeti, mpaka yakapindisha mwanga sawasawa na kioo. Basi, kioo hakionekani tena. Sasa kamera inapenya hadi katikati, inafuata vumbi linavyopita kati ya gololi – ndivyo maji ya ziwa yanavyopita kwenye mchanga wa chujio ninalobuni. Nestory, mwenzangu wa maabara, anasema nimeharibu mafuta ya kukaangia sangara. Wivu tu.

Jumatano, 5 Februari

Aibu. Saa nane mchana nimemwita Nestory aje ashangae. Gololi zote hizo, zinatukodolea macho! Kasema labda zilikuwa likizo. Nimenuna.

Baadaye nikagusa boksi – la moto. Bati la maabara hii ni jiko. Mafuta yakipata joto, nguvu ya kupindisha mwanga inapungua. Ya kioo iko palepale. Na mimi nilichanganya kukiwa na ubaridi wa asubuhi, mjinga mimi. Dokta Luhende, msimamizi wangu, anakuja kukagua Ijumaa, saa nane hiyohiyo. Asiposaini, kamera inakwenda kwa kundi lingine na chujio langu ndiyo basi.

Alhamisi, 6 Februari

Alizeti inapindisha mwanga zaidi ya pamba. Kwa hiyo alizeti! Nimekwenda Nyakato, dukani kwa mama Jayshree. Shikamoo, marahaba. Kauliza nakaanga nini wiki nzima. Gololi, mama. Kacheka hadi kaketi.

Nimeongeza kijiko kwa kijiko, bati likiwaka. Saa nane kasoro – sioni gololi hata moja. Nimecheza peke yangu.

Ijumaa, 7 Februari

Kafika. Kainama, kachungulia kulia, kushoto. "Dorcas, mwanangu, hizo gololi ziko wapi? Hapa naona mafuta." Nimemweleza. Kasema yeye hasaini boksi tupu. Nestory kageukia ukutani, mabega yanamtikisika.

Nikamwambia, basi Dokta, ingiza mkono.

Kavua saa. Kakunja shati lake jeupe taratibu. Naandika haya ameinamia boksi – mkono umezama hadi kiwiko. Kalamu yake bado iko mfukoni. Vidole vinazungusha kitu ambacho macho hayakioni.