Mizimu ya Televisheni na Kaburi la Babu yake Koku

Jumapili. Mvua ilianza wakati wa misa na mpaka sasa haijakatika vizuri. Nina hasira, na sioni sababu ya kuificha.

Leo mjukuu wangu Koku amekataa kumsalimu babu yake.

Babu yake, yaani marehemu mume wangu, amezikwa hapa hapa Nyanga, kwenye kibanja chetu, kati ya jiko na migomba, kama tunavyozikana sisi Wahaya. Koku akija na mama yake kutoka Hamugembe, hupita kwanza kaburini, humweleza babu habari za shule, kisha ndipo huingia ndani kudai ndizi. Leo amezunguka kwa jirani na kukanyaga tope mpaka magotini, ilimradi asipite pale.

"Umepitia wapi wewe?" nikamwuliza.

"Bibi, Babu ni mzimu. Jana nimewaona kwenye televisheni. Wanatoka makaburini, macho yao meupe!"

Mama yake, Adela, akacheka. "Mama, waitu, tafadhali usikasirike. Ni tamthilia ya watoto tu. Si wameitoa kwenye kile kitabu chako ulichokuwa unatusomea?"

Ndicho. Na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Adela alinionyesha sehemu ya kwanza ya tamthilia yenyewe kwenye simu yake. Nilijilazimisha kuitazama mpaka mwisho.

Kitabu hicho nilikisoma mbele ya darasa huko Muleba, miaka ya ujamaa, nikiwa mwalimu kijana. Kinasimulia familia iliyohamishiwa kijiji kipya kando ya barabara, ikaacha kibanja na makaburi yake. Mizimu ya pale ikachoka upweke, ikabeba mafiga ya jiko la zamani, ikawafuata watu wake. Usiku ililima shamba la kijiji, na asubuhi mwenyekiti alijisifu kwa kazi asiyoifanya. Watoto walicheka mpaka wakalalia madawati.

Baadhi ya watoto hao walikuwa wamehamishwa kweli. Msichana mmoja, ambaye mama yake alizikwa kwenye kibanja walichokiacha, aliniuliza: "Mwalimu, na mama ataijua njia?"

Nikamsomea tena ukurasa wa mafiga. Jibu lilikuwa pale.

Sasa hawa wa televisheni wameondoa kuhama. Wameondoa kijiji, mwenyekiti na mafiga. Halafu wameyachukua makaburi wakayapeleka msituni, kwenye ukungu na popo, mbali na nyumba yoyote. Nani kati yetu humzika mzazi wake msituni? Mzimu unaotoka msituni kuja nyumbani kwa watu ni mvamizi, hata ukiuvika kofia ya kuchekesha. Mizimu ya kitabuni ilikuwa rafiki kwa sababu ilikuwa ya nyumbani. Jambo hilo wangeliuliza kwa mtu yeyote wa Kagera, wangejibiwa bure. Hawakuuliza.

"Lakini Mama, nasikia sehemu ya mwisho wanakuwa marafiki," Adela akasema.

Mtoto hakusubiri sehemu ya mwisho. Ameogopa sehemu ya kwanza.

Nakiri kwamba nilimwambia Adela maneno makali. Nilimwambia aitoe televisheni ile sebuleni, aweke mtungi wa maji, utamfaa zaidi.

"Mtungi hausomi taarifa ya habari, Mama."

Sikucheka. Labda ningecheka siku nyingine. Leo nilikuwa nikimtazama Koku, ambaye alikula ndizi zake akiwa ameupa mgongo mlango wa nyuma, ule unaotazama kaburini. Mume wangu alimbeba mtoto huyu mgongoni kwenye njia zote za kibanja hiki. Je, atakumbukwa kwa macho meupe?

Walipokuwa wakiondoka, Koku alisimama mbali, karibu na mibuni. Akapaza sauti: "Babu! Nimefaulu hesabu!" Kisha akakimbia bila kugeuka nyuma.

Amesalimu kama mtu anayemsalimu askari. Lakini amesalimu.

Nimekitoa kitabu sandukuni. Jalada limeliwa na mchwa, kurasa zimesalimika. Jumapili ijayo nitatandika mkeka pale pale, kati ya kaburi na jiko, nianze ukurasa wa kwanza. Koku akiishia mibunini, nitasoma kwa sauti ya darasani, imfikie huko huko. Koo langu bado lina nguvu.