Huduma ya Kompyuta Kila Jumamosi ya Kwanza

Jumamosi, 5 Agosti 2006

Jumamosi ya kwanza ya mwezi — siku ya huduma ya kompyuta. Mama Anitha alitoka saa tatu kwenda mazoezi ya kwaya. Saa tatu na dakika tano bisibisi ilikuwa mkononi mwangu. Kazi hii hufanyika vizuri akiwa hayupo. Akiona skrubu mezani huanza kuuliza kama zote zitarudi.

Nieleze, ingawa hakuna aliyeuliza. Prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta, na ikifanya kazi hupata moto kama jiko. Juu yake kuna bati la kupoozea, na juu ya bati kuna feni. Ukitazama kwa macho, bati na prosesa vimegusana. Havijagusana! Kila chuma kina vibonde vidogo sana, ndani ya vibonde kuna hewa, na hewa haipitishi joto vizuri. Kwa hiyo katikati hupakwa pesti nyeupe ya kujaza vile vibonde. Ni hivyo tu.

Binti yetu Anitha aliponiletea mashine hii kutoka lodge anakofanya kazi — walikuwa wamenunua mpya — alinipa pia tyubu ndogo ya pesti. Hakusema ibadilishwe baada ya muda gani. Nikamuuliza Zablon jirani yangu, fundi wa magari ya watalii. Akasema gari linaloshuka kreta ya Ngorongoro halingojwi mpaka lilalamike: grisi kila mwezi, basi. Nikaona ana hoja. Tangu Februari sijaruka mwezi hata mmoja.

Leo tyubu imekwisha. Zablon amenipa grisi yake ya bearing kwenye kopo la kiwi ya viatu. Rangi si ile, lakini grisi ni grisi. Nimepaka ya kutosha. Nimebandika na stika ubavuni, kama wanavyofanya gereji: HUDUMA IJAYO 2 SEPTEMBA.

Jumapili, 6 Agosti

Mama Anitha amefika wimbo wa hamsini na tatu. Kitabu cha kwaya kitakuwa na nyimbo sitini pamoja na nota zake, do re mi, nukta mbili na vistari vyote. Anachapa kwa kidole kimoja tangu Kwaresima. Mchapaji wa Arusha anataka disketi Jumatatu tarehe 21. Tukichelewa, nafasi yetu wanapewa wengine na sisi tunangoja mwakani. Na mwakani ni mbali kwa Mzee Thomasi. Nyimbo ishirini na tatu ni zake. Ana miaka themanini na minane, macho yanafifia, na hajawahi kuona wimbo wake hata mmoja ukiwa kitabuni.

Saa kumi kompyuta ikazima ghafla. Wimbo wote ukapotea.

“Umeme umekatika!” akasema Mama Anitha.

Tukatazama juu wote wawili. Balbu inawaka.

“Mbona taa ipo?”

Nikamwambia — nimefundisha fizikia miaka thelathini na moja, Mungu anisamehe — kwamba nyakati hizi za mgao umeme unaweza kupungua upande mmoja wa nyumba, huu wa dirishani ilipo kompyuta. Lilinitoka tu. Akatikisa kichwa kukubali. Ananiamini! Hapo ndipo penye ubaya.

Jumatatu, 7 Agosti

Siku ya mnada. Tajewo ameteremka kutoka Ngorongoro kuuza madume mawili, akapita kunywa chai. Tulifundisha shule moja miaka tisa, kwa hiyo nilimweleza kila kitu: vibonde, hewa, pesti, ratiba. Alisikiliza vizuri. Halafu akaanza.

“Sisi tunaogesha ng'ombe kila wiki kwa sababu kupe wanarudi kila wiki. Humo ndani kuna kupe?”

Nikasema hakuna kupe. Pesti hukauka.

“Umewahi kuikuta imekauka?”

Nikafikiri. Sijawahi. Kila nikifungua ipo laini kama nilivyoiacha.

“Sasa unatibu nini, mwalimu mwenzangu?”

Akacheka mpaka chai ikamwagikia lubega. Akasema ng'ombe wake wangepelekwa josho kwa ratiba yangu wangekwenda kumshtaki kwa mwenyekiti wa kijiji. Sikucheka. Alipoondoka nilicheka kidogo.

Jumatano, 9 Agosti

Imezima mara nne. Dakika kumi na mbili, kumi, tisa, tisa. Wimbo wa hamsini na tatu umechapwa mara tano. Mama Anitha zamani alikuwa anaimba anapochapa. Sasa ananong'ona, kama mtu anayemnyatia kuku.

Alipokwenda sokoni nikafungua tena na kuongeza grisi.

Dakika sita!

Jumapili, 13 Agosti

Kanisani. Mchungaji alipouliza kama kuna mahitaji ya maombi, Mama Anitha akasimama. Akaomba usharika ukumbuke kitabu cha kwaya, na umeme wa nyumbani kwetu, kwa Mwalimu Melkizedek — hasa upande wa dirishani.

Usharika mzima ukainamisha vichwa! Watu mia mbili na zaidi, wanaombea upande wa dirishani. Mzee Thomasi, mstari wa mbele, alitoa Amina yake peke yake, imechelewa, kubwa kuliko zote. Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu. Cha kushoto kinahitaji kushonwa.

Alhamisi, 17 Agosti

Edgar fundi kompyuta amerudi kutoka Arusha. Nimempelekea mashine kwa toroli, nimeifunika kanga, kwa vumbi na kwa macho ya watu. Mama Anitha nilimwambia inakwenda kuangaliwa kama mgao umeidhuru.

Edgar alinisalimia shikamoo kwa adabu, akafungua. Akachovya kidole, akanusa.

“Mwalimu, hii ni grisi ya bearing.”

Nikasema naam.

“Imefika mpaka kwenye feni.”

Nikasema nilipaka ya kutosha.

“Umebadilisha mara ngapi?”

“Mara saba.”

“Tangu uzaliwe?”

“Tangu Februari. Nane, ukihesabu Jumatano ya wiki iliyopita.”

Akaweka bisibisi chini. Akazunguka ubavuni akakuta stika. Akaisoma kwa sauti! Mteja aliyekuwa anangoja simu yake akageukia ukutani, mabega yanatikisika.

Pesti ya mashine yake mwenyewe, anasema, hajaigusa tangu afungue duka, mwaka wa nne huu. Pesti ikipakwa vizuri hukaa miaka. Ukiling'oa bati, hapo lazima ufute yote na kupaka mpya. Usipoling'oa, achana nayo. Mashine ikianza kupata moto, kwanza futa vumbi, maana vumbi letu hili jekundu ndilo linaloziba feni za Karatu nzima. Vumbi likiisha na moto ukabaki, ndipo ufikirie pesti. Na kiasi? Kama punje moja ya mchele. Mimi nilipaka kama siagi kwenye mkate wa mgeni.

“Ikiwa nene inakuwa blanketi,” akasema. “Wewe ndiye uliyetufundisha, mwalimu. Kidato cha Pili. Nilikuwa mtoro, lakini siku ile nilikuwepo.”

Nilikuwepo na mimi.

Alifuta kwa spiriti, akapuliza vumbi, akapaka punje yake. Stika akaibandua bila kuniuliza. Nilipokuwa naondoka akaniuliza taratibu: mama akija kununua disketi, akitaka kujua ilikuwa nini, amwambie nini?

Nikasema amwambie vumbi.

“Vumbi lilikuwepo kweli,” akasema Edgar, bila kunitazama.

Ijumaa, 18 Agosti

Saa tatu na nusu mfululizo bila kuzima! Umeme ulipokatika, ulikatika nyumba nzima, kwa haki. Mama Anitha amemaliza hadi wa hamsini na saba. Anaimba tena. Mara tatu nimefungua mdomo nimwambie. Mara zote tatu alikuwa katikati ya ubeti.

Jumamosi, 19 Agosti

Amemaliza! Wimbo wa sitini, wa Mzee Thomasi, saa tano na robo asubuhi. Ameweka kwenye disketi mbili, moja ya akiba, akazifunga kwenye nailoni na kuzitia mkobani. Alipiga kigelegele peke yake sebuleni. Nikamshika mkono. Kidole kile alichochapia kimefanya sugu.

Nikasema moyoni, sasa.

Lakini akaanza yeye. Kesho anatoa ushuhuda. Maombi yamejibiwa, umeme umerudi upande wa dirishani, usharika lazima uambiwe. Na anataka nisimame naye.

“Mimi nitasema nini?”

“Wewe ni mtu wa sayansi, Baba Anitha. Mimi nikisema umeme ulikuwa unapungua upande mmoja watasema mama huyu naye. Wewe ukieleza, wataelewa.”

Mchungaji ameshatupa dakika tano. Mzee Thomasi amesema atakaa mbele ili asikie vizuri.

Nikasema basi ngoja niandike kwanza nitakachosema, nisije nikayumba. Akafurahi. Ndipo nikachukua daftari hili. Anadhani naandika ushuhuda. Nimeandika ukurasa mzima na nusu, na amekuwa akinisubiri kwa adabu, anafuta meza ambayo ni safi.

Sasa amegeuza kiti. Ameketi, ananitazama.

“Nisomee.”

Nimemwambia namalizia sentensi.

“Mbona ndefu hivyo? Umeme ulipungua, tukaomba, ukarudi. Imekwisha.”

Nimemwambia ni ndefu kwa sababu inaanzia Februari.

Ameweka kitambaa chini. Anauliza, Februari kulikuwa na nini —