Ile Inshallah Niliyokupa

Kwa Baba yangu mpenzi,

Sijui huko uliko watu huamkiana vipi, kwa hivyo naanza na desturi ya mtaa wetu wa Kuze hapa Mombasa: nakubusu mkono, Baba. Mwanao Zuhura mwili mzima. Moyo ndio unaonisumbua.

Siku ile ya ghasia Biashara Street ulikuwa unafunga duka lako la leso. Vijana walikuwa wakiwarushia polisi mawe, na jiwe la Saidi, mtoto wa jirani yetu, likakupata wewe jichoni. Uliletwa nyumbani umefungwa kipande cha leso mpya, na neno lako la kwanza lilikuwa, "Mwambieni mamake Saidi asilie, hakunikusudia mimi." Jicho lile halikuona tena.

Kusamehe kwako kuliniudhi, wacha niseme. Idi ikaja, ukamwalika Saidi ale nawe. Nilikuletea sinia ya pilau, na yeye nikampakulia kando, kwenye sahani ya bati, kama mpita njia. Ukaichukua sahani ile ukaimimina siniani mbele yako. "Ndoo hapa, mwanangu, sogea," ukamwambia. Baadaye nilipong'aka jikoni ulinijibu yaliyopita si ndwele. Nikawaza, ndwele si hiyo hapo jichoni mwako?

Tangu hapo Saidi akitoka kazini bandari ya wavuvi ya Liwatoni, nguo zanuka samaki, hupita kukushika mkono kukupeleka msikitini, maana jicho la pili nalo lilianza kufifia. Mlikuwa mkicheka kichochoroni kama watu wa rika moja. Mimi nikiitikia salamu yake kwa kuwa kuitikia ni lazima, basi.

Ulipolala usiinuke tena, uliniomba kitu kimoja: nimwambie Saidi nimemsamehe, kwa mdomo wangu. Nikasema, "Inshallah, Baba." Wajua kuna inshallah ya kutaka na kuna inshallah ya kumaliza maneno. Yangu ilikuwa ya kumaliza maneno. Ukatabasamu, ukaniwekea mkono kichwani ukaniombea dua, nami nikaipokea bila haya. Dua ile yaniuma mpaka leo. Nikila yaniuma, nikiswali yaniuma zaidi.

Jana Saidi kaja. Amepata kazi Arabuni, na kabla ya safari anapita nyumba kwa nyumba kutaka radhi. Nilipomwona mlangoni nikajua ataniomba msamaha. Hakuniomba.

"Dada Zuhura, mimi kwako nimekuja kushukuru," akasema. "Siku zile za mwisho Mzee aliniambia, 'Zuhura ashakusamehe, ila yuwaona haya kukwambia.' Lau si neno hilo, nisingethubutu kutia bega kwenye jeneza lake."

Akainama, akalia.

Baba, wewe hukuwahi kumdanganya hata mteja wa leso moja. Ulimwambia vile kwa kuwa uliniamini. Na mimi nimesimama pale, moyo haujalainika hata kidogo, nikaona kwamba ukweli wako umebaki mikononi mwangu: nikikana, wewe ndiwe utakuwa mwongo.

Nikamwambia, "Ni kweli, Saidi. Nilikuwa naona haya."

Nusu ya maneno hayo si uongo: haya ninayo, tena tele. Nusu ya pili, ule msamaha wenyewe, bado naitafuta, na ndege yake yaondoka Ijumaa.

Niwie radhi.

Mwanao,
Zuhura