Wageni Niliowaita Mwenyewe

Nyumba ya nyuma ya kiwanda cha sabuni,
S.L.P. 318.
Tarehe 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu, kitinda mimba wetu,

Pokea salamu za dadako, tena usimgawie mtu mpaka ushibe mwenyewe. Hujambo? Mgongo wa shemeji unaendeleaje? Na mapacha, bado wanagombania shuka moja? Mimi miguu ni mizima. Moyo ndio sina hakika nao.

Nakuandikia habari za binti yangu, Ngazi. Sisemi kwa kuwa nimemzaa, lakini katika mafundi umeme wote wa kampuni yao, wanaume kwa wanawake, hakuna aliyepanda nguzo upesi kama yeye. Ndiyo maana wakampa jina hilo.

Saratani ya damu ilipomlaza, mimi nilimlea upya kama kichanga. Nilimlisha, nikamgeuza, hata kikombe sikumwachia anyanyue. Tena nikawatambia wenye wagonjwa wengine wodini: wa kwangu hagusi kitu! Akaja mtaalamu wa mazoezi, kibinti chembamba, akanigombeza kwa adabu. "Mama, unampenda mpaka unamdhoofisha." Akaleta kistuli kifupi: apande, ashuke, kisha atembee. Alisema mazoezi hayaondoi saratani, ila mwili unaosogea huzihimili dawa vizuri zaidi, na huenda hata kinga yake ikafaidika. Nilimnunia siku mbili.

Siku ya kwanza Ngazi alipanda mara moja tu, akakaa chini anatweta. Yeye aliyepanda nguzo na waya begani! Akacheka, akasema, "Mama, bosi asijue." Wiki ya tatu akafika mara ishirini, akaruhusiwa kurudi nyumbani. Ila tulionywa: chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na magonjwa, bado ni chache mno. Wageni wasimkaribie.

Mdogo wangu, unanijua. Mdomo wangu una miguu. Jumamosi nikawaita majirani na mafundi wenzake waje wamwone akitembea. Ua ukajaa. Nikasimama katikati, shingo ndefu, nikamwambia, "Haya mwanangu, waonyeshe!" Akazunguka ua mara mbili. Macho yake yalikuwa yananiomba basi, nami nikajifanya siyaoni. Jirani yetu mshonaji alikuwa akikohoa kwenye leso. Nilimsikia. Nikampa kiti cha mbele.

Siku ya nne homa ikampanda. Sasa yuko hospitali, chumba cha peke yake, mapafu yamechafuka, nami namtazama kupitia kioo. Daktari hasemi ndiyo wala hapana. Mshonaji akipita mbele ya nyumba huinamisha kichwa. Simlaumu. Mlango niliufungua mimi.

Ngazi naye hajanilaumu, afadhali angenitukana. Aliniambia kwa simu, sauti kama uzi, "Mama, hata mimi nilifurahi kuwaona." Sijui ni kweli au ananisitiri.

Uliniahidi kuja na mapacha mwezi ujao. Nakuomba kwa ziwa tulilonyonya, usije. Sikudhania kama ningeandika neno hilo kwako.

Nisalimie shemeji, mapacha, na wifi muuza vitabu. Mwambie nampenda ingawa ana mdomo kunishinda. Mungu awafunike nyote, msikie chafya za watu kwa mbali tu.

Ni mimi dadako, akupendaye kuliko anavyojua kuandika,
Mama Ngazi

Nilikuwa nimeshafunga bahasha, nimeifungua tena. Leo asubuhi yule kibinti wa mazoezi aliingia chumbani amevaa barakoa na glavu, akamteremsha Ngazi kitandani. Kistuli hakuja nacho. Mwanangu alipiga hatua nne mpaka ukutani, akaugusa kwa kiganja, akarudi. Hatua nne, mdogo wangu, nimezihesabu! Jirani mmoja alinipigia kuuliza mgonjwa anaendeleaje. Nikamjibu, yupo. Hizi hatua nne sijamwambia mtu. Nimekuandikia wewe, kwa kuwa uko mbali.