Ngoja Ameze

Meru,
12 Februari 1994

Shangazi mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Makutano. Natumai wewe na Mzee Gichovi mko wazima, na mguu wako umepoa. Sisi tuko, tunasukuma tu. Huko Muthara baba amevuna maharagwe kidogo, mvua ilimchezea.

Shangazi, kufundisha wauguzi kumenichosha na hata sijamaliza mwaka mmoja. Nina msichana anaitwa Ntinyari, wa Ruiri. Nikieleza kidonda, analala. Nikieleza kipindupindu, analala. Nimemgombeza mbele ya wenzake, nimemwoshesha madirisha ya wadi, na bado amefeli. Walimu tunakutana Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Nikisema aende nyumbani, ataenda. Wewe ulianza kazi hii kabla sijazaliwa. Ungefanya nini?

Mwanao,
Kathambi

Embu,
20 Februari 1994

Mwanangu Kathambi,

Nimefurahi kuona mwandiko wako. Mguu bado unauma, lakini ni wangu, nitaupeleka wapi. Gichovi anauliza utatuletea mkwe lini. Usimjibu.

Unakumbuka somo langu la uji? Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walilala kitandani, mikono chini ya blanketi, wenzao wakawalisha kwa kijiko. Walianza kwa kucheka. Kicheko kiliisha haraka, maana mwenye pupa huleta kijiko cha pili kabla cha kwanza hakijashuka. Mimi nilisimama pale nikisema: ngoja ameze. Sasa mkuu mpya amelifuta, ati linakula muda wa silabasi. Nimechoka kubishana. Nafundisha, narudi nyumbani.

Lakini maneno hayo hayakuwa ya uji peke yake. Mwanafunzi naye hulishwa. Ukimpa somo, adhabu na aibu kwa mpigo mmoja, atapaliwa tu. Muulize Ntinyari kama amekula. Muulize jioni huwa wapi. Kisha nyamaza, hata akikawia.

Shangazi yako,
Igoki

Meru,
5 Machi 1994

Shangazi,

Habari za huko. Barua yako ilikuta mkutano umepita. Ntinyari amerudi Ruiri. Baadaye wenzake ndio waliniambia kwamba jioni alikuwa akiosha vyombo katika hoteli moja hapa Makutano, ndiyo apate karo. Mimi sikuuliza, naye hakusema.

Tafadhali usiniandikie tena mambo ya uji. Nina darasa limejaa hadi mlangoni, na mimi pia hakuna anayeniuliza kama nimekula.

Kathambi

Embu,
30 Oktoba 1994

Mwanangu Kathambi,

Hujambo? Mwandiko huu ni wa Mbaka, muuguzi wa wadi. Mimi nasema, yeye anaandika, kwa sababu mkono wa kulia haujarudi tangu kiharusi kiniangushe. Ulimi unajikokota, lakini siku hizi unafika.

Asante kwa kuja Jumapili ile. Niliona umekonda, nikahuzunika. Ulinilisha uji huku ukitazama saa, maana gari la Meru lilikuwa karibu kuondoka. Kijiko kilikuja kabla sijameza, kikaja kingine. Nilitaka kukwambia, maneno yakakataa. Nikakohoa, ukanifuta, ukasema, "Shangazi, usiwe mgumu, kula." Sijakasirika, uji ulikuwa mtamu. Ila ulipoondoka nilimfikiria yule msichana wa Ruiri. Nimefundisha somo hili maisha yangu yote, na sikujua vile inauma kuitwa mgumu na mdomo umejaa.

Shangazi yako,
Igoki

Ruiri,
19 Novemba 1994

Shangazi mpendwa,

Unaendeleaje? Mwambie Mbaka akusomee polepole.

Niko kwa kina Ntinyari. Nilimkuta akipalilia maharagwe na mama yake. Nilimwambia mkuu wetu amekubali arudi Januari, na kwamba mambo ya karo tutayatafutia njia pamoja. Nilimwomba msamaha. Nikamuuliza kama amekula. Alinitazama, akainama, akaendelea kupalilia.

Ulimi uliniwasha, nilitaka kumuuliza tena. Badala yake nilichukua jembe la mama yake, nikashika mstari wa kando. Mama mtu alicheka namna ninavyokata maharagwe pamoja na magugu. Tulipofika mwisho wa shamba, Ntinyari aliingia jikoni akatoka na vikombe viwili vya uji, akaketi karibu nami. Tumekunywa. Bado hajanijibu.

Gari la mwisho la Meru limepita hapa mbele nikiliona, na sikuinuka.

Mwanao,
Kathambi